Mguu wa Kushoto Haujafika

6 Februari

Kwa mke wangu wa kwanza, bibi yangu mzaa baba,

Shikamoo. Najua mume hamwamkii mkewe shikamoo, lakini wewe ni mke mwenye mkono mzito, bora nijikinge mapema.

Mimi mzima. Kikohozi kimeniacha, kimehamia kwa huyu fundi rangi ninayekaa naye chumba kimoja, na hajanishukuru. Huko je? Mgongo umetulia? Yule fundi cherehani jirani bado anaomba makaa ya pasi halafu anasahau njia ya kurudisha? Mwambie mumeo yuko mbali lakini masikio kayaacha hapo mlangoni.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimepata kazi! Siyo kubeba mizigo, siyo kuuza soksi barabarani huku nikichungulia askari. Kazi yenye paa. Ni lile duka kubwa la ghorofa sita katikati ya mji, linalouza kuanzia sindano mpaka kitanda. Milango yake ni ya kioo, ukisogea inafunguka yenyewe. Siku ya kwanza niliiambia asante, watu wakanigeukia.

Wameniweka idara ya viatu, ghorofa ya pili. Navaa shati jeupe, na kifuani nina kibandiko kimeandikwa NIKUSAIDIE NINI? Jina langu hawajaliandika kabisa. Kuna mama mmoja kaniita, "We Nikusaidie, hebu njoo." Nikaenda. Nimeshaitwa mabaya zaidi.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba, asubuhi kabla duka halijafunguliwa, kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta mtu wake mmoja atembezwe duka zima kama mgeni rasmi. Wenzangu wanabishana kama walete mke au mchumba. Mimi sikubishana na mtu, nimekuandikisha wewe. Kuna ngazi za umeme, bibi. Wewe unasimama tu, ngazi ndiyo inachoka.

Lakini sitaki uje na zile ndala ulizozifunga kwa waya. Nataka uingie na viatu vya humu humu, wafanyakazi tunapunguziwa bei. Chukua karatasi, ikanyage, zungusha kalamu. Miguu yote miwili! Kuna mzee tunauza naye viatu, mzee wa siku nyingi, anasema miguu ya mtu ni ndugu tu, siyo pacha, ukipima mmoja umepima nusu ya mtu.

Nasubiri miguu.

Mumeo na mjukuu wako,
Kasuku


2 Machi

Kasuku, mume wangu maneno mengi,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani kidogo, nimechelewa kujibu, mambo yalikuwa mengi. Mgongo upo. Fundi cherehani safari hii kaomba na kiberiti. Shangazi yako alikuwa hapa wiki mbili, kanipikia chumvi na maji akaita mchuzi, namshukuru Mungu kaondoka.

Kazi nimeisikia, na majirani wote wameisikia, kwa sababu nimewasomea. Nimewaambia mume wangu ni muuzaji wa ghorofa ya pili. Mama wa nyumba ya kona kauliza, ghorofa ya pili kutoka juu au kutoka chini? Wivu huo.

Sasa nisikilize, mimi niliyekulea chini ya meza ya soko. Mteja akigusa kitu mara mbili, kashakinunua, amebaki kujishawishi. Akisema "naangalia tu", mwache, ila usiende mbali. Na bei ya mwisho usimtajie mwanzo, utamnyima raha. Mtu anataka aondoke akijua amekushinda.

Mimi siku hizi sokoni sishindi. Meza nimeileta hapa mlangoni kwangu, vitana, sabuni, nyuzi, kila kitu nakifikia kwa mkono. Wateja wananifuata kama nzi. Wenye biashara kubwa hawatembei, wanatembelewa.

Miguu yangu unaijua, karatasi ya kuitosha haijatengenezwa. Na hilo la kuja, safari ni hatua, tutaona.

Kula vizuri. Fundi rangi mpe tangawizi.

Mkeo


20 Machi

Mke wangu mfanyabiashara mkubwa unayetembelewa,

Shikamoo tena. Fundi rangi kapona, sasa anakoroma, bora kikohozi.

Mafunzo yako nimeyatumia, na ngoja nikupe matokeo. Kaja mama mmoja, kashika kiatu cha buluu, kakirudisha, kakishika tena. Nikasema moyoni, huyu wa bibi. Akauliza bei. Kiatu kina kibandiko cha bei hapo chini ya soli, lakini nikakumbuka maneno yako, nikamtajia juu. Akashika kiuno. "Wewe kijana, unaniua!" Nikamwambia, "Mama, ngozi hiyo, mnyama wake alikuwa anaoga kila siku." Tukavutana pale, akashusha, nikashusha, nikaapa, akajifanya anaondoka, nikamwita, mpaka tukafika kwenye bei ile ile ya kwenye kibandiko. Akafurahi kama kaokota! Akanishika mkono.

Kumbe msimamizi wetu alikuwa nyuma ya rafu ya mabuti, kasikia toka mwanzo. Mama mkali yule, miwani yake ina kamba. Akaniita pembeni. "Kijana, hapa bei haipigwi. Bei inasomwa." Nikamwambia, "Lakini mama, si kanunua?" Akaniangalia, nikaona anakaza midomo asicheke, halafu hakucheka.

Basi ndiyo hivyo. Nimehamishwa idara. Sasa niko mapokezi, shughuli zangu ni na wateja wakubwa wakubwa. Kazi ya heshima, usijali.

Miguu iko wapi? Kama karatasi ni ndogo, gundisha mbili. Jumapili yetu haisubiri mtu.

Mumeo,
Kasuku


11 Mei

Mume wangu,

Usinune, najua nimekaa kimya. Kulikuwa na mvua, halafu kulikuwa na hili na lile. Niko salama, nakula, nacheka. Mama wa kona kapata mjukuu, mtoto kafanana na babu yake mpaka inatia huruma.

Haya, huo hapo mguu. Nimeukanyagisha na kuuzunguka mwenyewe, kalamu inatekenya balaa. Huo ni wa kulia. Wa kushoto wino uliniishia.

Na wewe mapokezi unapokea nini? Mbona hujaniambia umepokea nini hata siku moja? Mwanaume akisema "kazi ya heshima, usijali" halafu akanyamaza, mimi huanza kujali.

Mkeo


19 Mei

Mke wangu,

Mguu wa kulia umefika salama, hauna hata mkunjo. Nimeubandika ukutani juu ya kitanda changu. Fundi rangi kauliza hii ramani ya nchi gani.

Mguu wa kushoto haujafika.

Nimemwonyesha mzee wa viatu. Kaushika kwa mikono miwili, kasema, "Huu mguu umefanya kazi." Nikamwambia huo umenibeba mgongoni kabla sijajua kutambaa. Lakini kasema bila wa pili hagusi boksi.

Mapokezi napokea wateja, basi. Wanakuja, nawapokea. Tusitoke kwenye mada.

Bibi, hapa naandika bila mchezo kidogo, usizoee. Kila nikiuliza kuhusu kuja, unanijibu kwa mtoto wa mama wa kona. Kama hutaki kuja, niambie. Kama unaona mimi na hili shati ni maigizo, niambie pia. Nakukumbuka. Nilipoingia duka hili siku ya kwanza sikuwaza mshahara, niliwaza sura yako mlango utakapojifungua mbele yako.

Wino umenunua?

Kasuku


2 Juni

Mume wangu mwenye kelele,

Umesema maneno mazito mpaka nikaenda kununua kalamu madukani. Yaani nimemtuma mtu. Huo hapo mguu wa kushoto, usinisumbue tena.

Nani kasema sikutaki na shati lako? Hilo shati nimeshalivaa mimi kwa majirani kabla yako. Wewe fanya kazi. Kufanya kazi kwako ndiyo kuja kwangu.

Mkeo


9 Juni

Bibi,

Leo sianzi na utani, na salamu nitaziweka mwisho.

Nimekaa na hizo karatasi mbili. Mguu wa kulia una kidole cha mwisho kimepinda nje, nakijua. Ni siku ile mkokoteni ulipokukanyaga sokoni, mimi nimekaa juu ya magunia napiga kelele kama dereva, na wewe ukawa unanitukana huku unaruka kwa mguu mmoja. Soko zima likacheka, wewe pia.

Mguu wa kushoto uliotuma una kidole hicho hicho. Kimepinda hivyo hivyo.

Mkokoteni ulipita mguu mmoja tu, bibi. Mimi nilikuwa juu yake.

Umekanyaga kwa mguu wa kulia, ukaigeuza karatasi, ukapitisha kalamu kwa nyuma. Nimeziweka kwenye kioo cha dirisha, zimelaliana kama mtu na kivuli chake. Sikukasirika. Nimekaa tu kitandani mpaka fundi rangi akaniuliza kama nimefiwa.

Mguu wako wa kushoto uko wapi?

Shikamoo.

Mjukuu wako


21 Juni

Kasuku,

Marahaba, mwanangu. Umenishika. Ni kosa langu, nilikulea uwe na macho.

Kilianza kidonda kwenye kidole gumba, ndala ilinichubua. Nikapaka mafuta nikaendelea na soko, unajua mimi kukaa nyumbani naona kama kuumwa. Kumbe nina sukari na sijui, na kidonda chenye sukari hakisikii mafuta. Daktari kwanza alisema kidole. Halafu akasema mguu. Wamekata chini ya goti. Shangazi yako alikuja kwa ajili hiyo, nikamwapisha asikwambie, maskini, na mimi nikamsema mchuzi wake.

Barua yako ya kwanza niliisomea hospitali. Umeandika, "Sasa kaa chini. Umekaa?" Nikacheka mpaka nesi akaja mbio kuangalia nimepatwa na nini.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nakujua. Ungevua hilo shati siku hiyo hiyo, uje hapa kunisukuma kwenye kiti. Kijana umehangaika na soksi barabarani miaka, umepata kazi yenye paa, uiache uje kusukuma bibi! Sikutaka hata kidogo.

Na la pili niliona haya. Sikufichi. Mimi niliyepita soko zima nimekubeba mgongoni na beseni kichwani, leo nipite mbele ya wenzako nimekaa kama gunia. Na ngazi zinazotembea nitazifanya nini mimi? Mwandikishe mtu mwingine. Una umri wa kuwa na mchumba, au huko wote wameshakusikia ukiongea?

Usilie. Ukilia utalowesha shati.

Bibi yako


26 Juni

Kwa mke wangu, gunia langu la dhahabu,

Nililia, shati limelowa, fundi rangi kaninunulia chai kwa mara ya kwanza tangu tuhamie hapa. Kwa hiyo kuna faida.

Sasa kaa chini. (Najua umekaa. Nasema tu.) Umenipa yako, pokea yangu.

Mimi siuzi viatu. Tangu ile siku ya kupatana bei niliondolewa, na mapokezi ni mlangoni pale pale. Duka lina viti vya magurudumu vitatu kwa wateja wazee, wagonjwa, mama aliyetoka kujifungua, mtu aliyeteguka. Anafika, anakaa, anasema anataka nini, na mimi nampeleka ghorofa kwa ghorofa kwa lifti, namsomea bei, namshikia kioo, namwambia kofia hiyo hapana mama, hiyo kofia ni adui yako. Wateja wakubwa wakubwa niliokutajia ni wakubwa wa umri.

Bibi, kazi yangu ni kusukuma. Sikukwambia kwa sababu ulishawatangazia majirani kuwa mumeo ni muuzaji wa ghorofa ya pili, nikaona nikikwambia nasukuma viti, mama wa kona atapata pa kusemea.

Kwa hiyo ulikuwa unaogopa nitaacha kazi nije kukusukuma. Kukusukuma ndiyo kazi yenyewe! Nalipwa na shati wananipa.

Na kuhusu kuona haya. Yuko mwalimu mstaafu anakuja kila mwisho wa mwezi, hanunui kitu. Ananiambia, "Nipitishe kwenye mapazia." Tunapita kwenye mapazia polepole, anayashika moja moja kwa mkono, halafu namrudisha mlangoni, ananishukuru, anaondoka. Nilimuuliza siku moja kama kuna rangi anaitafuta. Kasema, "Hapana mwanangu, natembea tu." Hakusema nasukumwa. Mimi tangu siku hiyo nikimsukuma mtu najua anatembea.

Msimamizi wa miwani ya kamba ndiye aliyeniweka pale. Juzi kaniambia watu wanaingia mlangoni wamenuna wanatoka wanacheka, niendelee, ila bei nisizitaje. Nilimweleza habari zako. Akafuta miwani, akasema jina lako halitoki kwenye orodha labda afe yeye.

Viatu nimechukua. Mzee wa viatu kashika ile karatasi ya kweli, kaingia stoo, katoka na jozi nyeusi, ngozi laini, soli haitelezi. Nikamwambia, "Mzee, nahitaji kimoja." Kasema duka haliuzi kiatu kimoja, hata angekuja mfalme. Nikasema basi nitoe cha kushoto nikuachie, akakataa, kasema jozi ikitenganishwa stoo inaleta nuksi. Nimekutumia vyote. Cha kushoto fuga kuku ndani yake, au kiuze. Wewe uliyewahi kumuuzia mtu kifuniko bila sufuria hutashindwa.

Njoo, bibi. Mlango utafunguka wenyewe. Uambie asante kwa sauti, nisiwe mjinga peke yangu.

Mumeo msukuma viti,
Kasuku


12 Julai

Kwa mume wangu msukumaji,

Mama wa kona nimemwambia mimi mwenyewe, kabla hajasikia kwingine. Nimemwambia mume wangu kapandishwa cheo, kutoka ghorofa ya pili sasa anazunguka zote sita. Kaenda kuosha vyombo.

Kiatu cha kulia kimeingia kama kimezaliwa na mguu. Nimekaa nacho mlangoni siku nzima, nimekinyoosha mbele ya meza ili kila anayekuja kununua sindano akiruke.

Cha kushoto nilikipanga mezani kati ya vitana na sabuni. Fundi cherehani akauliza, "Mama, hiki kimoja unauza?" Nikamjibu, "Wewe lete makaa yangu kwanza." Watu wakakishika, wakakirudisha. Siku ya kliniki nikakitia kwenye mfuko, nikaenda nacho.

Kuna mwenzangu pale, mpishi wa shule, mwanamke kama mimi, kucheka kwake kunatikisa benchi. Yeye walimkata wa kulia. Tunasubiri daktari pamoja, na siku zote tunabishana nani kabakiwa na mguu mzuri. Nikamwambia, "Shoga, nina kiatu cha kushoto. Kipya. Kimetoka duka la ghorofa sita."

Akasema, "Bei?"

Nikamtajia juu. Akashika kifua. "Kwa kiatu kimoja?"

"Kwani una mguu wa pili umeuficha wapi?"

Basi tukaanza. Akashusha, nikaapa kwa mume wangu, akajifanya anaondoka, na kuondoka kwenyewe hawezi bila magongo, na magongo nimeyakalia mimi. Kliniki nzima inacheka. Nesi kaja kutunyamazisha, kabaki amesimama kusikiliza. Mwisho mpishi akasema, "Ngoja nikijaribu, nisije nikanunua hasara." Akakivaa. Kimemkaa, mume wangu. Ana miguu kama yangu, makasia.

Akaunyoosha mguu wake mbele. Na mimi nikaunyoosha wangu, kando ya wake. Tukaangalia chini. Pale mbele ya benchi palikuwa na mtu mmoja, mzima, ana miguu miwili na viatu vipya.

Mimi bei nikaisahau, na yeye hakunikumbusha. Kwa hiyo biashara yangu ya kwanza ya hasara nimeifanya kwa ajili yako, uiweke kwenye hesabu zako.

Sasa hiyo Jumapili. Nakuja. Shangazi yako anatuleta, nimemwomba radhi kuhusu mchuzi, kidogo. Nimesema anatuleta, kwa sababu mpishi kasema hawezi kuona nusu ya viatu vyake inaenda mjini na yeye anabaki. Mwambie mama wa miwani kwamba sheria yake tunaiheshimu, kila mfanyakazi alete mtu mmoja. Wewe unaleta mtu mmoja. Ahesabu viatu kama ana shaka.

Andaa viti viwili, na uzoeze mikono kusukuma kushoto na kulia kwa pamoja. Tutaanzia kwenye mapazia.

Mkeo wa kwanza,
pamoja na mguu wake wa kushoto, ambao umefika, na unaongea kuliko wewe